Mkonge Haukuja na Meli

Mwalimu mmoja wa sayansi, katika shule moja ya sekondari ambayo hatutaitaja, aliwaagiza wanafunzi wake walete kila mmoja jani la mkonge ili wajifunze habari za mimea yenye nyuzi. Kesho yake vijana walikuja na majani marefu ya kijivu, yenye mwiba mweusi nchani, waliyoyakata mipakani mwa mashamba. Kijana mmoja tu alikuja na jani la namna nyingine: nene, gumu, lenye mabaka ya kijani kilichokolea na kijani kilichofifia, alilolichuma kichakani nyuma ya nyumba ya babu yake. Mwalimu alilitazama, akalitupa dirishani, akasema, "Nimesema mkonge, sikusema majani." Darasa zima likacheka. Kijana akaandikiwa sifuri. Nasi, ambao siku hiyo tulikuwa wageni wa shule kwa shughuli za utamaduni tulizotumwa na serikali, tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa na daftari letu magotini, wala hatukusema neno.

Twaandika makala haya kwa sababu ya ukimya ule. Kijana yule alileta mkonge. Tena, kwa haki ya lugha, alileta mkonge wa kale kuliko mkonge wa wenzake wote.

Hebu tulitazame jambo lenyewe. Mnamo mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf, aliagiza kutoka Florida, Marekani, miche midogo 1,000 ya mmea ambao wataalamu huuita Agave sisalana. Ilisafiri kwa njia ya Hamburg, ikafa mingi baharini, na iliyofika pwani ya Tanga na Pangani ingali hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba makubwa ya nchi yetu, hata kufikia miaka ya mwanzo ya 1960 tukawa twauza nje zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, na hapakuwa na nchi duniani iliyotupita. Habari hizi kila mwanafunzi hufundishwa, na ni vema afundishwe. Lakini hakuna amwulizaye mwanafunzi swali dogo linalofuata: mmea huu uliotoka Florida mwaka 1893 ulilipata wapi jina la mkonge? Hindorf hakuliandika jina hilo juu ya masanduku yake. Wazungu waliuita sisal, kwa jina la bandari ndogo ya Sisal iliyoko Yucatán, nchini Meksiko, ambako nyuzi zake zilipakiwa melini. Wamaya wa Yucatán, wenye mmea huo na ndugu zake tangu kale, huziita jamii hizo ki. Mkonge si ki, wala si sisal. Jina hili lilikuwa hapa hapa, likimngoja mgeni.

Mkonge wa asili ni mmea wa vichaka vyetu vya pwani na nyika. Hauna shina, majani yake huchomoza ardhini, mengine bapa, mengine mviringo kama fimbo, aghalabu yana mabaka kama ngozi ya chatu. Ndani ya jani mna nyuzi imara nyeupe. Wazee walilipondaponda jani, wakaliparuza, wakaanika nyuzi, wakasokota kamba, mitego na upote wa upinde. Hata Waingereza, walipoziona nyuzi hizi, waliuita mmea huu katani ya upote. Kamusi za kale za Kiswahili zautaja mkonge kuwa ndio mmea huo. Wataalamu wa Ulaya wakaupa jina la Sansevieria, lenye asili ya ukoo wa watukufu wa Italia, na mmoja wa jamii yake wakaubandika jina la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Waingereza huko Unguja. Hivyo mmea wa nyika yetu ukabeba majina mawili ya mabwana ambao mmoja wao pengine hakupata kuuona.

Basi mgeni wa mwaka 1893 alipoanza kukatwa na kutolewa singa, wenyeji wa pwani na wafanyakazi wa mashambani walimtazama wakaona ana majani magumu yachomozayo ardhini, ana nyuzi nyeupe, na nyuzi zake zafanya kazi ile ile. Wakamwita mkonge. Hawakungoja kamati. Hilo lilikuwa tendo la akili timamu, na sisi tunaokaa katika kamati twapaswa kuliheshimu. Balaa lilianza baadaye, fedha ilipoingia kati. Mgeni alikuwa na mashine za korona, na reli, na bei yake katika magazeti ya London. Mwenyeji alikuwa na kichaka tu. Pole pole jina likahamia kwa mwenye mali, na mwenyeji akawa hana jina, akawa "majani".

Msomaji atazame pia ni watu gani waliokuwa wakikata mkonge huo. Walitoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Burundi na Rwanda kwa mikataba, nao waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alitambuliwa kwa namba yake. Twasema hivi kwa kupita tu; lakini ni vigumu kwetu kusoma neno manamba pasipo kuona kwamba shamba lile lile lililomnyang'anya mtu jina lake ndilo lililounyang'anya mmea wa kichakani jina lake pia.

Wako watakaotujibu kwamba haya yote ni mabishano ya washairi. Watasema majina ya watu wa kawaida ni vurugu, kwamba sayansi ina jina moja la Kilatini kwa kila mmea, na kwamba mwanafunzi akilishika hilo yamtosha. Hoja hii tumeisikia mara nyingi, na aghalabu husemwa na watu wasiojua Kilatini. Tuikubali pale inapostahili. Ni kweli kwamba neno mkonge leo lina mimea miwili, na kwamba mwalimu yule, lau angesema Agave sisalana, asingepata jani la mabaka. Jina la kitaalamu ni kigingi. Hufunga neno pahali pamoja lisitangetange. Lakini wasituambie kwamba kigingi hicho hakihami. Hiyo Sansevieria tuliyofundishwa shuleni, wataalamu wenyewe, baada ya kuchunguza vinasaba, wameiingiza katika jamii ya Dracaena katika miaka ya 2010, na jina la mtukufu wa Italia limebaki katika vitabu vya zamani. Babu wa kijana yule hakubadili jina. Kwake ulikuwa mkonge kabla ya mabadiliko hayo na ni mkonge baada yake.

Kundi la pili hutuudhi zaidi, nalo ni la wafasiri wa vibandiko. Nenda leo katika kitalu chochote cha maua cha mjini. Utaukuta mkonge wetu wa nyika umepandwa koponi, umepakwa mafuta ili ung'ae, unauzwa kwa bei ya kutisha, na muuzaji atakwambia unaitwa "ulimi wa mama mkwe". Jina hili ni la Waingereza. Kwao mama mkwe ni mtu wa kufanyiwa mzaha, na ulimi wake mrefu wenye ncha kali ni kichekesho cha barazani. Hatuwalaumu, kila watu na dhihaka zao. Lakini sisi tuna adabu gani na wakwe? Katika makabila yetu mengi mkwe ni mtu wa kuepukwa njiani kwa heshima, wa kuzungumziwa kwa sauti ya chini, asiyetajwa jina lake ovyo mbele za watu. Kijana wa Kitanzania anayesema "nimenunua ulimi wa mama mkwe, nimeuweka sebuleni" amesema maneno ambayo bibi yake asingeweza kuyavumilia, na hajui kwamba ameyasema. Kisha mmea wenyewe alikuwa nao bure, nyuma ya nyumba, pamoja na jina lake. Amenunua matusi kwa fedha yake.

Sasa hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe, maana asiyeonyesha jeraha lake hana haki ya kuonyesha la mwenziwe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa miongoni mwa watu waliopewa mswada wa kitabu cha kusoma cha wanafunzi ili tuukague Kiswahili chake. Mswada ulikuwa umefasiriwa kutoka lugha ya kigeni. Mlikuwa na sura juu ya mimea ya majangwa ya Marekani, na ndani yake tukasoma kwamba muhogo hustawi katika mchanga mkavu, una majani kama visu, hutoa shada kubwa la maua meupe yanayoinama kama kengele, na huchavushwa usiku na nondo mweupe. Tulisahihisha koma mbili. Sura ikapita. Watu watano tuliosoma sura ile, wote tumekula muhogo tangu utoto, wote twaujua mmea wake, na hakuna hata mmoja aliyeuliza ni muhogo gani huu wenye majani kama visu. Tuliamini karatasi kuliko macho.

Mmea uliosimuliwa pale ni yucca. Ili msomaji aone kwamba hata wakubwa hukosea, tumweleze kisa cha jina hili. Wenyeji wa visiwa vya Karibi, Wataino, waliuita muhogo yuca, na Wahispania walilichukua neno hilo. Hata leo asemaye Kihispania akisema yuca anakusudia muhogo ule ule tuuchemshao sisi. Mmea mwingine kabisa kutoka Marekani ulipofika Uingereza, ukadhaniwa kuwa ndio huo utoao chakula hicho. Mtaalamu wa mitishamba John Gerard akauandika kwa jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1597. Baadaye, mwaka 1753, Linnaeus wa Uswidi, baba wa majina ya Kilatini ya mimea, akalitia muhuri kosa hilo, likawa jina la kitaalamu la jamii nzima: Yucca. Kwa hiyo mfasiri wetu alikuwa amerudia, pasipo kujua, kosa la zaidi ya miaka mia nne. Tofauti ni kwamba Gerard alikuwa hajapata kuona muhogo shambani. Sisi tulikuwa tumeula asubuhi ile.

Wala kosa hili si la kuchekwa tu. Muhogo ni chakula cha mamilioni ya watu wetu, na baadhi ya aina zake ni chungu, huhitaji kulowekwa na kuanikwa kabla ya kuliwa, la sivyo huleta sumu. Yucca nayo mizizi yake hutoa povu. Wenyeji wa Marekani waliitumia kufulia na kuoshea nywele. Mtoto afundishwaye kwamba mimea hii miwili ni mmoja amefundishwa kuchanganya chungu na beseni la kufulia.

Na ni utajiri gani uliopotea katika sura ile! Watu waishio na yucca huko kwao wameipa majina yenye habari. Huko El Salvador na Guatemala huiita izote, neno litokalo katika lugha ya Wanawatli, na maua yake meupe hupikwa kwa mayai. Ndiyo maua ya taifa la El Salvador. Kwingine huitwa amole, yaani sabuni. Walowezi Waingereza na wenzao nao waliitazama ncha yake wakaona vita: moja wakaiita singe ya Mhispania, nyingine jambia. Tazama jinsi jina linavyomfichua mpaji. Mwenyeji aona chakula na sabuni; mpita njia aona silaha.

Ama yule nondo, habari yake ni ya ajabu, na ilichunguzwa katika mwaka 1872 na George Engelmann na Charles Riley huko Marekani. Nondo jike hukusanya chavua kwa viungo maalumu vya mdomoni, huifinyanga donge, huruka hadi ua jingine, hutaga mayai ndani ya ovari, kisha hupanda juu na kuipaka ile chavua kwa kusudi, kama mkulima anayefukia mbegu. Viwavi wake hula baadhi ya mbegu na kuziacha nyingine zikaota. Nondo huyu hayuko kwetu. Ndiyo sababu yucca nyingi za bustani zetu huchanua kwa fahari kisha shada likakauka pasipo tunda. Mwalimu wa biolojia aliye na mmea huu mbele ya ofisi ya shule ana somo la wiki nzima, wala hahitaji maabara.

Je, tuuiteje kwa Kiswahili? Tulimwuliza mtunza bustani mmoja katika mji wa pwani, mtu mzima mwenye kofia ya ukindu, ambaye amekuwa akiumwagilia mmea huo kwa miaka mingi. "Bwana mkubwa," alisema, "mimi nauita mkonge wa maua. Mkonge wa shamba ukitoa mlingoti wake ukachanua, umeaga dunia. Huu huchanua, na mwakani huchanua tena." Tukabaki kimya tena, lakini safari hii kwa heshima. Katika sentensi mbili mtu yule alikuwa ametoa tofauti ambayo vitabu hueleza kwa ukurasa mzima: agave ya katani huishi miaka kadhaa, huchanua mara moja, hufa, yucca huchanua na kubaki. Na liko jambo jingine ambalo yeye hakulijua. Zamani wataalamu waliwatenga mkonge wa kichakani, mkonge wa shamba na yucca katika koo mbalimbali. Tangu mpangilio mpya wa mwaka 2009 wote watatu wamo katika ukoo mmoja, ukoo wa asparaga. Hatudai kwamba wazee waliijua nasaba hiyo. Walifuata nyuzi na umbo la jani. Lakini anayedharau jina la watu na aeleze ilikuwaje watu wakakusanya chini ya jina moja mimea ambayo maabara nayo imeikusanya.

Katika ukoo huo huo mna isale la Wachagga. Mlimani Kilimanjaro isale hupandwa mipakani na makaburini, na mtu aliyekosana na nduguye akimpelekea jani la isale, huwa ameomba msamaha, na ni vigumu sana kumkatalia. Jani moja lafanya kazi ya wazee watatu na kikao cha siku mbili. Mjini mmea huo huuzwa kwa jina la drasena. Kwa jina hilo haumwombei mtu msamaha.

Wako, mwishoni, wenzetu wapenda usanifu, ambao watasema: vema, basi tuchague neno moja, tuliidhinishe, tufute mengine. Hao ni ndugu zetu na twaifahamu kiu yao. Lakini katani, neno tulitumialo kwa nyuzi za mkonge, lilitoka kwa Waarabu, na kwao ni kitani, nyuzi za mmea mwingine kabisa. Lau wasanifu wangekuwa bandarini siku lilipoingia wangelizuia forodhani, na leo tungekuwa maskini wa neno moja. Kusanifisha ni kazi ya pili. Kazi ya kwanza ni kukusanya, na hiyo hatujaifanya kama itupasavyo. P. J. Greenway, akiwa katika kituo cha Amani milimani Usambara, alichapisha kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili na Kilatini, chapa ya pili ikatoka mwaka 1940. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na kazi yake bado yatumika. Sisi tulio huru, tuna shule katika kila kata, tuna vijana wenye babu na bibi walio hai, twangoja nini?

Walimu, tunawaomba jambo lisilohitaji fungu la fedha. Mwanafunzi akileta jani, kabla ya kulitupa mwulizeni nani amemwambia jina lake, limechumwa wapi, na nyumbani kwao hulifanyia nini. Yaandikwe majibu hayo kwa maneno yale yale aliyoyasema, pamoja na jina la kijiji, kisha ndipo litafutwe jina la Kilatini la kulifunga. Jani likaushwe katikati ya magazeti. Wanafunzi wakileta majina matatu kwa mmea mmoja, yote matatu yaandikwe; wakileta mimea miwili kwa jina moja, kama ilivyo mkonge, wote miwili ichorwe ubaoni, na darasa lielezwe ni upi uliotangulia.

Ama mwalimu yule, iwapo kurasa hizi zitamfikia, sifuri ile bado imo katika daftari lake la alama. Jina la kijana analo yeye. Sisi tulikuwa na kalamu na karatasi magotini, na hatukuliandika.